Tazama, Usivute: Afya ya Sehemu za Siri za Mtoto Mchanga wa Kiume

Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya wazazi, wakunga, wanafunzi wa uuguzi na viongozi wa dini

   

Nawashukuru akina baba kwa kujitokeza kwa wingi. Mada za afya ya mtoto mchanga huwa tunawaachia akina mama na bibi, baba akabaki kutoa nauli ya hospitali. Leo tumekaa pamoja, na kwa sababu hiyo naomba radhi mapema. Nitataja uume, govi, korodani na pumbu kwa majina yake, na najua humu mna wakwe waliokaa safu moja. Naomba mnivumilie. Tunawapoteza watoto, au wanapoteza viungo vyao, kwa sababu tatizo lilionekana nyumbani na hakuna aliyethubutu kulisema.

Kusudi langu ni moja. Nataka tukitoka hapa kila mmoja wetu ajue kuyatazama maumbile ya mtoto mchanga wa kiume: ajue lipi la kawaida asilipapatikie, lipi la kusubiri, na lipi la kukimbilia hospitali usiku huohuo. Na nataka tuache kabisa mazoea ya kuvuta, kukamua na kunyoosha viungo vya mtoto ambavyo havina kasoro. Mtoto wa kike ana mambo yake na anastahili mhadhara wake kamili, leo simgusii.

Hoja ya kwanza: mengi yanayotutisha siku za mwanzo ni ya kawaida

Mtoto anapozaliwa, pumbu zake zinaweza kuwa zimevimba na ngozi imekuwa nyeusi kuliko mwili wake. Hizo ni homoni za mama zilizopita kwenye kondo la nyuma, na kama alizaliwa akitanguliza matako, msukumo wa uzazi nao umechangia. Matiti yake pia yanaweza kuvimba, hata yakatoa maji meupe kidogo. Yote hayo huisha yenyewe. Yasikamuliwe, kwa sababu titi la mtoto likikamuliwa linaweza kupata jipu.

Kwenye nepi unaweza kuona doa la rangi ya waridi au ya chungwa katika siku mbili tatu za mwanzo. Aghalabu si damu, ni chumvichumvi za mkojo mzito wa mtoto ambaye maziwa ya mama bado hayajashuka vizuri. Mnyonyeshe mara kwa mara, doa litatoweka. Lisipotoweka baada ya maziwa kushuka, mlete apimwe.

Sasa niseme juu ya kitovu. Katika nyumba nyingi za ukanda wetu mama mzazi hukabidhiwa onyo hili kabla hata hajapewa uji: angalia kitovu kisije kumwangukia mtoto kwenye uume, atakuwa hanithi. Nimewaona mama wasiolala kwa ajili ya onyo hilo. Wengine hukifunga kitovu kwa uzi kukielekeza juu, wengine hukivuta kidogokidogo kitoke mapema wakiwa wamekishika wenyewe, wengine hukipaka mafuta, majivu au dawa ya majani kikauke haraka.

Wazee wangu, naomba mnisikilize kwa upendo. Kipande cha kitovu kinachoning'inia ni nyama iliyokwishakufa. Mishipa yake ya damu imeziba, na kwa kawaida hudondoka chenyewe kati ya siku ya 5 na ya 15. Uume husimama kwa kazi ya mishipa ya damu, na ya mishipa ya fahamu inayotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, na hakuna njia yoyote ambayo kipande kikavu kikigusa ngozi kinaweza kuiharibu mishipa hiyo. Mwanamume mzima anayepata upungufu wa nguvu anapaswa kutafuta sababu kwenye kisukari, shinikizo la damu, sigara, pombe, baadhi ya dawa na msongo wa mawazo. Lakini kwa sababu ya imani hii, mama wa watu hulaumiwa miaka 30 baadaye kwamba alizembea siku ya saba ya uzazi wake. Huo ni mzigo usio wa haki, na naomba leo tuutue.

Ubaya wake mwingine uko kwenye mwili wa mtoto. Kitovu kilichovutwa kabla ya wakati hutoka damu, na kilichopakwa majivu au samadi huingiza wadudu, wakiwemo wa pepopunda. Pepopunda ya watoto wachanga imepungua sana kwa sababu wajawazito wanachanjwa, na itaendelea kupungua kitovu kikiachwa kisafi na kikavu, nepi ikakunjwa chini yake.

Wapo pia wanaompima mtoto: asubuhi wanamchungulia kama uume umesimama. Uume wa mtoto mchanga husimama mara nyingine, hasa kibofu kikijaa, na ni jambo la kawaida. Usipouona umesimama, hakuna ulilokosa. Mwacheni mtoto alale.

Hoja ya pili: govi la mtoto mchanga halifunguki, na halipaswi kufunguliwa

Govi la mtoto anapozaliwa limeshikamana na kichwa cha uume kama ukucha ulivyoshikana na kidole. Ndivyo lilivyoumbwa, na hatupaswi kuliita ugonjwa. Mwaka 1949 daktari wa Uingereza, Douglas Gairdner, aliandika kwamba katika watoto wachanga 100 ni kama 4 tu ambao govi lao linaweza kurudi nyuma lote. Kisha mwaka 1968 Jakob Øster wa Denmark akachapisha matokeo ya kuwafuatilia wavulana wa shule kwa miaka kadhaa. Alikuta kwamba katika wenye miaka 6 na 7, wavulana 63 kati ya 100 bado wana sehemu ya govi iliyoshikamana, na wakifika miaka 16 na 17 wanabaki 3 tu. Achaneni na tarakimu mkitaka, lakini lishikeni jambo lenyewe: govi hujiachia polepole, kwa miaka, bila mkono wa mtu.

Kwa nini basi linavutwa? Kwa sababu ya usafi, tunaambiwa. Mama mpya huelekezwa kila anapomwogesha mtoto avute govi nyuma, asugue ndani kwa sabuni. Nasikitika kusema kwamba maelekezo hayo mara nyingine hutoka kwetu sisi watumishi wa afya. Unapolivuta govi lililoshikamana, unachana ngozi. Mtoto analia, panatoka damu kidogo, kidonda kinapona kwa kovu, na kovu hilo ndilo linalokuja kulibana govi kwelikweli. Tumemtengenezea mtoto ugonjwa ambao hakuzaliwa nao.

Usafi wa mtoto asiyetahiriwa ni rahisi kuliko tunavyofikiri. Mwoshe kwa maji safi kwa nje, kama unavyomwosha sehemu nyingine, umkaushe vizuri. Basi. Mtu wa kwanza kulirudisha govi nyuma awe mwenye govi, atakapokuwa mkubwa na likawa limeachia. Hapo ndipo afundishwe kuosha ndani na kulirudisha mbele.

Hilo la kulirudisha mbele lina uzito wake. Govi likivutwa nyuma na kuachwa huko, linaweza kukaza nyuma ya kichwa cha uume na kuzuia damu. Kichwa kinavimba, kinabadilika rangi, mtoto analia asibembelezeke. Hiyo ni dharura. Usisubiri asubuhi.

Mama huja pia akiwa na hofu kwamba chini ya govi kuna vijivimbe vyeupe, akidhani ni usaha. Aghalabu ni mabaki ya ngozi yanayojikusanya wakati govi linajiachia. Hayana joto, hayaumi, na hutoka yenyewe. Wengine huona govi likijaa na kututumka mtoto anapokojoa. Kama mkojo unatoka kwa nguvu, likatulia baada ya hapo, na mtoto haonyeshi maumivu, halina neno.

Lenye neno ni hili: govi limekuwa jekundu, limevimba, lina usaha wenye harufu, na mtoto analia akikojoa. Hayo ni maambukizi na yana dawa. Na ikiwa kwa mtoto mkubwa ncha ya govi imekuwa ngumu na nyeupe, haifunguki kabisa, mlete. Hata hapo daktari anaweza kuanza na dawa ya kupaka yenye steroidi kabla ya kufikiria kisu.

Upele wa nepi nitaupita haraka, kwa kuwa wengi mnaujua. Badilisha pampasi mapema, mpe mtoto muda wa kukaa bila nepi apate hewa, paka mafuta mazito ya kuzuia unyevu. Poda siipendekezi, huingia mapafuni. Upele mwekundu sana ulioingia kwenye mikunjo ya mapaja, wenye vipele vidogo pembeni, aghalabu ni fangasi na unahitaji dawa ya fangasi. Dawa za kupaka za kuchanganya, zile zinazouzwa kwa kila ugonjwa wa ngozi, msimpake mtoto mchanga. Nyingi zina steroidi kali.

Naomba niingize ombi moja hapa. Msipige picha ya sehemu za siri za mtoto mkaituma kwenye kundi la WhatsApp la akina mama mkiuliza, "Hii ni kawaida?" Picha hiyo hamtaweza kuirudisha, na mtoto huyo atakuwa mtu mzima mwenye heshima zake. Mleteni mwenyewe.

Hoja ya tatu: hesabu korodani, na ukikosa moja usingoje jando

Kama muda ungenibana niseme jambo moja tu leo, ningesema hili, na nitalikalia.

Korodani hazianzi kwenye pumbu. Mtoto akiwa tumboni mwa mama, korodani zake huumbika juu, ndani ya tumbo, karibu na figo. Halafu husafiri kushuka, na katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito hupita kwenye kinena kuingia kwenye pumbu. Kwa hiyo mtoto njiti mara nyingi huzaliwa kabla safari haijakwisha. Kati ya wavulana 100 waliotimiza miezi, kama 3 huzaliwa korodani moja au zote mbili hazijashuka; kwa njiti wanaweza kufika 30. Kwa wengi wao korodani hushuka katika miezi michache ya mwanzo. Baada ya miezi 6 nafasi ya kushuka yenyewe ni ndogo sana, na katika umri wa mwaka mmoja hubaki kama mtoto 1 kati ya 100.

Mtoto 1 kati ya 100 si nadra. Shule ya msingi yenye wavulana 500 inaweza kuwa na watano.

Korodani iliyobaki juu inapata hasara kimyakimya. Pumbu zimewekwa nje ya mwili ili zipate ubaridi, nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la tumbo. Korodani inayokaa ndani kwenye joto huanza kupoteza chembe zitakazokuja kutengeneza mbegu za uzazi, na hasara hiyo huanza kuonekana mapema, kwenye umri wa mwaka mmoja hivi. Uwezekano wa korodani kujinyonga, yaani kujisokota na kukata damu yake, huongezeka, na miaka mingi baadaye uwezekano wa saratani ya korodani huwa mkubwa kuliko wa wanaume wengine. Yote haya mtoto hayasikii. Hana homa, anacheza, ananenepa. Ndiyo maana tunakutana naye akiwa na miaka 10, alipovuliwa nguo kwa ajili ya tohara, au akiwa na miaka 32, baada ya mkewe kusumbuliwa na vipimo kwa muda mrefu kwa kuwa nyumba haijapata mtoto.

Matibabu yapo. Ni upasuaji wa kuishusha korodani na kuishikiza kwenye pumbu, unaopaswa kufanywa kati ya miezi 6 na 18, na mara nyingi mtoto hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Upasuaji wa mapema huokoa uwezo wa uzazi na hupunguza hatari ya saratani, na huiweka korodani mahali ambapo mwenyewe atakapokua anaweza kuishika na kugundua mabadiliko.

Sasa, nani aitafute? Muuguzi aliyefundishwa, kwa mikono yenye joto. Narudia, mikono yenye joto. Mtoto akishikwa na baridi au akilia, kuna msuli unaozivuta korodani juu, na mpimaji asiye mvumilivu ataandika hazipo wakati zipo. Weka mkono mmoja kwenye kinena, uteremshe taratibu, na mkono wa pili upokee kwenye pumbu. Korodani ikishuka na ikakaa, hiyo ni ya kupanda na kushuka tu. Haihitaji upasuaji, bali iangaliwe kila mwaka mpaka balehe. Ikishuka kwa kulazimishwa na ukiiachia inarudi juu, au isiposhikika kabisa, mtoto apewe rufaa.

Mama naye ana nafasi yake. Baada ya kumwogesha kwa maji ya uvuguvugu, mtoto akiwa ametulia, tazama tu: je, pumbu zimejaa pande zote mbili? Huhitaji kubonyeza. Ukiwa na shaka, sema kliniki.

Kuna jambo linalowagharimu wazazi fedha bure. Msikimbilie kulipia ultrasaundi. Kipimo hicho hukosea kuonyesha korodani iliyojificha, na hata kikionyesha, hakibadilishi uamuzi; mtoto atahitaji kuonwa na daktari wa upasuaji vilevile. Nauli ya kwenda rufaa ndiyo matumizi bora ya fedha hiyo. Wala sindano za homoni za kushusha korodani hazipendekezwi siku hizi.

Wakunga wangu, hili nalisema kwenu hasa. Mtoto akizaliwa anaonekana wa kiume lakini hamuoni korodani hata moja, au ana korodani moja na tundu la mkojo haliko mahali pake, asiruhusiwe kwenda nyumbani na msiharakishe kuitangaza jinsia yake. Yule asiyeonekana korodani hata moja anaweza kuwa mtoto wa kike ambaye tezi zake zilizo juu ya figo zimetoa homoni za kiume kupita kiasi. Watoto wa namna hiyo baadhi yao hupoteza chumvi mwilini, na katika wiki ya pili au ya tatu huanza kutapika, kuishiwa maji na kufa, ikidhaniwa ni kuharisha. Semeni na wazazi faraghani, kwa upole: mtoto hana laana, hakuna aliyemroga, ana hali inayojulikana na yenye tiba. Jina linaweza kusubiri majibu.

Hoja ya nne: uvimbe wa maji unasubiri, ngiri haisubiri

Njia ile iliyopitiwa na korodani kutoka tumboni hutakiwa kuziba. Isipoziba vizuri, maji ya tumbo huteremka yakajaa kuzunguka korodani. Pumbu huwa kubwa, laini, haliumi. Hilo ni busha la mtoto mchanga, na mara nyingi maji hunywea yenyewe kabla ya mtoto kufika mwaka mmoja au miwili. Yasinyonywe kwa sindano hata siku moja.

Hapa Tanga neno busha hutushtua, kwa kuwa tumewaona wazee wetu walioteseka nalo. Busha la mtu mzima katika pwani hii mara nyingi hutokana na minyoo midogo ya matende inayoenezwa na mbu, na huchukua miaka mingi kujitokeza. La mtoto wa wiki mbili halitokani na mbu. Wala hakuna kati ya hayo mawili linalotokana na madafu. Mama mjamzito aliyekunywa dafu hakumletea mwanawe chochote.

Njia hiyohiyo ikibaki wazi zaidi, badala ya maji hupita utumbo. Hiyo ni ngiri. Huonekana kwenye kinena au kwenye pumbu, mara nyingi upande wa kulia, na njiti huipata zaidi. Utaijua kwa tabia yake: mtoto akilia au akijikamua inatoka, akilala inarudi. Wengine humulika tochi, wakiona mwanga umepita wanasema ni maji tu. Kwa mtu mzima kipimo hicho husaidia. Kwa mtoto mchanga hata utumbo hupitisha mwanga, basi tochi isiwape uhakika.

Ngiri ya kinena haiponi yenyewe, na haina dawa ya kunywa wala ya kufunga kitambaa. Msiichanganye na ngiri ya kitovu, ile inayotokeza kitovu kwa nje, ambayo kwa watoto wengi huziba yenyewe wakikua. Ya kinena inapogunduliwa ipangiwe upasuaji mapema, kwa sababu hatari ya utumbo kunasa ni kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza. Utumbo ukinasa, uvimbe unakuwa mgumu na mwekundu, haurudi, mtoto analia mfululizo, anatapika, tumbo linajaa. Una saa chache za kuuokoa utumbo, na korodani iliyobanwa pamoja nao.

Na ikiwa pumbu limebadilika ghafla likawa jekundu au la samawati, gumu, iwe mtoto analia au ametulia, chukulieni kwamba korodani imejinyonga. Kwa mtoto mkubwa tunahesabu kama saa 6 kabla haijafa. Kwa mchanga wakati mwingine imejinyonga akiwa bado tumboni, lakini uamuzi wa kama bado inaweza kuokolewa aufanye daktari wa upasuaji.

Hoja ya tano: tohara ina wakati na masharti yake

Sikuja kumshawishi mtu atahiri au asitahiri mtoto. Kwa Waislamu ni sehemu ya dini, kwa makabila yetu mengi ni mila, na kwa wanaume wakubwa kuna faida iliyothibitishwa: tafiti za Afrika Kusini, Kenya na Uganda zilizotolewa mwaka 2005 na 2007 zilionyesha kwamba tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Faida hiyo inamhusu mtu aliyefikia umri wa kujamiiana. Mtoto wa siku saba hana haraka nayo, na kwa hiyo hakuna sababu ya kumtahiri mtoto mgonjwa, mwenye manjano au aliyezaliwa na uzito mdogo. Masheikh waliopo hapa watanithibitishia kwamba mtoto anayehofiwa kudhurika anaweza kusubiri.

Kabla ya kisu, pawe na mambo matatu. La kwanza, tundu la mkojo liangaliwe. Mtoto 1 kati ya kama 300 huzaliwa tundu likiwa chini ya uume badala ya kwenye ncha, na govi lake limekusanyika juu, chini hakuna kitu. Huyo ndiye wanayesema kazaliwa ameshatahiriwa, na familia ikafurahi. Au ngariba akamalizia kilichobaki. Tafadhali sana: govi lile ni kitambaa ambacho daktari atakihitaji kutengeneza njia mpya ya mkojo, katika upasuaji unaofanywa kwa kawaida kati ya miezi 6 na 18. Likikatwa, tumemnyang'anya mtoto akiba yake. Huyo asitahiriwe na mtu yeyote mpaka aonwe na mtaalamu.

La pili, ulizeni habari za wajomba. Ugonjwa wa damu kutoganda, hemofilia, hupitia kwa mama na kuwaangukia watoto wake wa kiume. Ikiwa kuna mjomba aliyetoka damu siku nyingi baada ya jando, au kaka aliyevuja damu baada ya kung'olewa jino, mtoto apimwe damu kwanza. Bibi mzaa mama ndiye mwenye kumbukumbu hizo. Mshirikisheni.

La tatu, mkono na chombo. Mtahiri awe amefundishwa, vifaa viwe vimetakaswa kitaalamu, wembe usitumike kwa watoto wawili, na mtoto apewe dawa ya ganzi. Mtoto mchanga anasikia maumivu. Nawaheshimu mangariba, jando limebeba mafunzo na adabu zetu, na hakuna ninayemtaka aache kufundisha. Naomba kisu kiende zahanati na mafunzo yabaki jandoni. Baada ya tohara, damu isiyokoma, homa, au mtoto kutokojoa kwa saa 12 ni sababu ya kurudi. Kidonda kisipakwe majivu wala majani.

Hoja ya sita: sikiliza mkojo, na usisahau homa

Hii ni fupi lakini ina maisha ndani yake. Mtoto anapaswa kukojoa ndani ya saa 24 za mwanzo. Mkojo wa mtoto wa kiume hutoka kwa mshale unaowalowesha waliomzunguka. Ukitoka kwa matone tu, anajikamua, tumbo la chini limejaa na gumu, kunaweza kuwa na utando unaoziba njia ya mkojo ndani. Figo zake zinaharibika wakati tunangoja. Mama ndiye anayeuona mkojo huo kila siku, wauguzi, mwulizeni.

Kuhusu homa. Katika miezi ya mwanzo ya maisha wavulana hupata maambukizi ya njia ya mkojo zaidi kuliko wasichana. Mtoto mchanga hatasema anaungua akikojoa. Atachemka tu, atakataa kunyonya, au atatapika. Nasi katika nchi yenye malaria, kila homa tumeizoea. Kipimo cha malaria kikisema hakuna vimelea, msirudi nyumbani na panado. Ulizeni: mkojo umepimwa? Na ukusanywe kwenye chombo safi mtoto anapokojoa, usikamuliwe kutoka kwenye nepi. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi ni wa hospitali, hata kama anacheka.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nina pendekezo, na nimelipima nikaona linawezekana bila jengo jipya wala mashine. Watoto wetu tayari wanaletwa kliniki wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 kwa chanjo ya surua. Mama ametembea, amepanga foleni, mtoto amevuliwa nguo apimwe uzito. Katika dakika hiyo hiyo muuguzi anaweza kutazama tundu la mkojo, kuhesabu korodani, kuangalia kinena, na kuuliza mkojo unatokaje. Aliyekutwa na upungufu wiki ya 14 aangaliwe tena akifika miezi 6, na kama korodani haijashuka aandikiwe rufaa kwenda hospitali ya Muhimbili au ya KCMC, kunako madaktari wa upasuaji wa watoto, ili miezi 9 itukute tunafuatilia tarehe ya upasuaji na si tunaanza kushangaa. Kwenye kadi pana nafasi ya kuandika mstari mmoja: korodani mbili zipo.

Wanafunzi wa uuguzi mlioko nyuma, ninyi ndio mtakaoifanya kazi hii. Watoto wanaozaliwa mwezi huu hapa mjini watafika kwa chanjo ya wiki 14 baada ya miezi mitatu na ushee. Huo ni muda wa kutosha kuwafundisha upimaji wenyewe, kituo kwa kituo, nami nimejitolea kushiriki na wenzangu wawili wamekubali. Kwa masheikh na wachungaji, naomba maneno yale ya kitovu na ya tundu la mkojo yafike kwenye darasa za ndoa, kwa vijana ambao bado hawajapata mtoto.

Sasa nayapokea maswali. Naomba kina bibi waanze, maana ndio watakaomwogesha mtoto kesho asubuhi.